Selimundu Haina Zamu

Baba na mama wote wakiwa AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila mwenyewe kuugua, kliniki huwaambia kuwa uwezekano wa mtoto wao kuzaliwa na SS, yaani na vinasaba vyote viwili vya selimundu na hivyo kuugua, ni robo. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Robo wanaisikia kama mgawo: katika watoto wanne, mmoja ataugua. Kifungua mimba akiwa ndiye aliyeugua, basi deni limeshalipwa na watatu wanaofuata wamesalimika.

Hakuna deni wala zamu. Katika kila mimba, kila mzazi humpa mtoto kimoja kati ya vinasaba vyake viwili, A (cha kawaida) au S (cha selimundu), kama vile shilingi inavyorushwa juu, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Sisi wa takwimu tunayaita haya matukio huru: ukijua matokeo ya moja, uwezekano wa lingine unabaki palepale. Kwa matukio huru unaruhusiwa kuzidisha moja kwa moja. Uwezekano wa watoto watatu wanaofuata wote kukwepa SS ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kwa 64. Uwezekano wa angalau mmoja wao kuugua basi ni 37 kwa 64, zaidi ya nusu. (Pacha wa kufanana hawamo katika hesabu hii: wametoka kwenye yai moja, mmoja akiwa SS na mwenzake ni SS.)

Sasa chukua wenzi ambao hawajapima kabisa. Tuseme, kwa mfano tu, wanatoka mahali ambapo watu 15 katika kila 100 ni AS. Uwezekano wa wote wawili kuwa AS ni 0.15 mara 0.15, na robo ya jibu hilo ni kama 6 katika 1,000. Akizaliwa mtoto mwenye SS, uwezekano wa mdogo wake kuugua unaruka kutoka 6 hadi 250 katika 1,000. Damu ya wazazi ni ileile. Kilichobadilika ni tunachokijua kuihusu: sasa tunajua kuwa wote wawili ni AS. Huo ndio uwezekano wenye sharti. Tazama jambo hili la ajabu, ambalo huwatatiza hata wanafunzi wa chuo: ukiwa umeshawapima wazazi, mtoto mmoja hakuambii lolote kuhusu mwenzake. Usipowapima, anakuambia mengi sana.

Hata ile 0.15 mara 0.15 ina sharti lililojificha, kwamba wenzi hawahusiani. Kwa mabinamu waliooana haifai. Wala asilimia 15 haifai kila mahali. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949 akakuta S imejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ni adimu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kuwa kuwa AS humkinga mtu na malaria, ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu palipo na mbu wengi. Kwa hiyo swali "kwenu wapi?" lina uzito katika hesabu.

Kosa la mwisho ni la ndugu wazima. Dada ambaye kaka yake ana SS na yeye haugui, akiulizwa uwezekano wa yeye kuwa AS, hujibu "nusu." Nusu ilikuwa sahihi kabla hajazaliwa. Kati ya njia nne za kurithi, moja ni AA, mbili ni AS na moja ni SS. Tukishajua yeye si SS, zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo ni AS. Kwake ni theluthi mbili. Akiolewa na mwanamume wa AS bila yeye kupima, uwezekano wa mtoto wao wa kwanza kuwa na SS ni theluthi mbili mara robo, yaani 1 kwa 6. Akipima akakutwa AA, hiyo 1 kwa 6 inageuka sifuri siku hiyohiyo.