Loti kwanza, chati baadaye

Dola 100 kwenye akaunti, loti (kipimo cha ukubwa wa biashara) 0.01 ya dhahabu, stopu ya kukata hasara hakuna. Huo ndio mpangilio ninaokutana nao mara nyingi vijana wa hapa Mwanga na Gungu wanaofanya biashara ya sarafu na dhahabu kwa simu wanaponiletea simu hizo niziangalie. Wanachotaka nitazame ni chati: "Kaka, hapa inapanda au inashuka?" Mimi naanza na hesabu, na yenyewe ni fupi. Kwa mabroka wengi, yaani kampuni zinazowafungulia akaunti za biashara hii, loti moja ya dhahabu ni wakia 100, kwa hiyo 0.01 ni wakia moja. Bei ikisogea dola moja, akaunti nayo inasogea dola moja. Dhahabu hii iliyovuka dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025 inaweza kushuka dola 40 kabla ya adhuhuri na jioni ikawa imerudi ilikotoka. Kijana anaweza kuwa amepatia kabisa mwelekeo wa siku, na bado mchana ule akaangalia asilimia 40 ya mtaji wake ikiyeyuka. Wengi hawafiki jioni. Wanafunga kwa hofu, au broka anawafungia.

Kazi yangu Kigoma ni kushauri watu kuhusu fedha za kigeni, na wanaonijia ni wa aina mbili: vijana wa simu, na wafanyabiashara wa bandari ya Kibirizi wanaopokea dola kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hawa wa pili huwacheka wale wa kwanza, wanawaita wacheza kamari. Nitarudi kwao, maana nao wamo humo humo.

Kwanza hesabu, kwa mpangilio ambao vijana wengi wanaugeuza. Wao wanachagua loti kwanza, kwa kawaida ile ambayo faida yake inapendeza machoni, halafu ndipo wanaanza kutafuta pa kuingilia. Mimi naanza na hasara. Tuseme mtaji ni dola 500 na nimeamua kosa moja lisinile zaidi ya asilimia 1, yaani dola 5. Nafungua chati ya yuro kwa dola, natafuta bei ambayo ikifikiwa basi wazo langu limekufa, sina hoja tena. Tuseme bei hiyo iko pipu 25, yaani hatua ndogo 25 za bei, kutoka pale ninapoingilia. Dola 5 gawanya kwa 25 unapata senti 20 kwa kila pipu. Loti 0.01 ya yuro kwa dola ina thamani ya senti 10 kwa pipu, hivyo naingia na 0.02. Chati ingenionyesha kwamba stopu inafaa kukaa pipu 50, ningeingia na 0.01. Dola 5 ni zile zile; kinachobadilika ni loti.

Kwa wanaoanza: pipu ni tarakimu ya nne baada ya nukta kwa jozi nyingi, na ya pili kwa jozi zenye yeni. Loti kamili ni 100,000 za sarafu ya kwanza, na kwa yuro kwa dola kila pipu ya loti hiyo ni dola 10. Mengine yote ni kuhamisha nukta.

Sasa fanya hesabu ile ile kwa mtu mwenye dola 50. Asilimia 1 ni senti 50. Loti ndogo kabisa inayoruhusiwa kwenye akaunti ya kawaida ni 0.01, kwa hiyo stopu yake inatakiwa ikae pipu 5 tu. Tofauti ya bei ya kununua na kuuza peke yake inaweza kula pipu moja na nusu. Zinabaki tatu na nusu, na yuro inatembea pipu hizo ukiwa unapiga chafya. Ndiyo maana namwambia kijana huyo wazi kwamba kwa akaunti hiyo hawezi kuwa makini hata akitaka. Udogo wa mtaji umeshamlazimisha kuhatarisha asilimia 5 au 10 kila anapobonyeza. Afungue akaunti ya senti, ambako dola 50 zinasomeka kama senti 5,000 na loti zinapungua mara mia, au abaki kwenye demo, akaunti ya mazoezi isiyo na fedha halisi, mpaka apate zaidi. Hili halipendwi. Kwenye magrupu ya WhatsApp kinachopendwa ni picha ya akaunti iliyotoka dola 50 ikafika 900, na picha ya wiki iliyofuata haitumwi.

Kwa nini nang'ang'ania asilimia 1 au 2? Kwa sababu hasara huja kwa mfululizo. Chukua mtu anayepatia nusu na kukosea nusu, kama kurusha sarafu. Katika biashara 100, uwezekano wa kukutana angalau mara moja na hasara saba zinazofuatana ni karibu asilimia 32. Theluthi moja! Wala hajafanya ujinga wowote, ni bahati tu inavyojipanga. Hasara saba za asilimia 2 zinamwacha na takriban asilimia 87 ya mtaji; anakunywa chai, anaendelea. Saba za asilimia 10 zinamwacha na asilimia 48. Saba za asilimia 20 zinamwacha na 21.

Na njia ya kurudi haina urefu sawa na ya kushuka. Ukipoteza asilimia 10 unahitaji faida ya kama 11 kurudi ulipokuwa. Ukipoteza 50 unahitaji 100. Ukipoteza 80 unahitaji 400, na hapo ndipo watu wanapoanza kuongeza loti ili "kurudisha", yaani wanaomba dawa kwa ugonjwa uliowaua. Kanuni yangu kwa wanafunzi ni kwamba akaunti ikishuka asilimia 10 kutoka kilele chake, loti inakatwa nusu mpaka irudi. Wanaipinga wote, kwa hoja kwamba itachelewesha kurudi. Ni kweli itachelewesha.

Levareji, ule uwiano wa dhamana unayoweka kwa mzigo unaoushika, nayo inaeleweka vibaya. Watu wanadhani 1:500 ni hatari na 1:30 ni salama, au kinyume chake, kwamba 1:500 ni zawadi. Levareji inaamua tu ni kiasi gani broka anakizuia kama dhamana. Loti 0.01 ya yuro kwa bei ya 1.10 ni mzigo wa dola 1,100. Kwa 1:500 inazuiwa dola 2.20, kwa 1:30 zinazuiwa kama dola 36.70. Pipu moja ni senti 10 kote kuwili. Ubaya wa 1:500 ni kwamba inakuachia mlango wazi wa kufungua loti ambazo mtaji wako hauzimudu, na mtu aliyechoka usiku wa manane ataupita mlango huo. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, iliweka kikomo cha 1:30 kwa jozi kubwa za sarafu za wateja wa kawaida, ikieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti zao kwenye bidhaa za aina hii huwa zinapoteza fedha. Japani ilishafika 1:25 tangu 2011, Marekani 1:50 tangu 2010. Unapoona broka anakutangazia 1:2000, jua leseni anayoitumia kukuhudumia wewe haitoki huko.

Nije kwenye stopu, maana hapa hata wazoefu wanajidanganya. Stopu losi ni amri ya kufunga biashara bei ikifika mahali fulani, lakini inafungwa kwa bei itakayopatikana, ambayo si lazima iwe ile uliyoandika. Tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, benki kuu ya Uswisi ilitangaza kuacha kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro ilichokuwa imekishikilia tangu Septemba 2011. Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa chini ya faranga moja. Waliokuwa na stopu kwenye 1.19 walifungiwa mbali sana na hapo, kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Broka Alpari ya Uingereza ilifilisika, na wateja wa broka mwingine, FXCM, walijikuta kwa pamoja wana deni la kama dola milioni 225. Watu hao walikuwa na stopu. Waliosalimika ni wale ambao loti yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata pigo la pipu elfu mbili halikuwamaliza.

Wafanyabiashara wa Manyovu, mpakani na Burundi, hawahitaji mfano wa Uswisi. Mei 2023 benki kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo, dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi kwa bei rasmi. Aliyekuwa amejaza faranga ndani hakuwa na kitufe cha kubonyeza. Sarafu inayoshikiliwa kwa mkono wa benki kuu huonekana tulivu mpaka siku mkono unapoachia, na kabla ya siku hiyo chati yake ndiyo inayovutia kuliko zote.

Jambo dogo la kiufundi, ila kwa umeme wetu ni kubwa. Stopu losi ya kawaida ikishawekwa inakaa kwenye seva ya broka, hata simu ikizima itafanya kazi. Ile stopu inayojisogeza yenyewe kufuata bei kwenye MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hii, inaendeshwa na kompyuta yako. Umeme ukikatika au bando likiisha, inabaki pale ilipofikia. Nimeona watu wanaitegemea usiku kucha kwenye kompyuta mpakato yenye betri ya saa moja.

Saa nazo zina hatari zake. Takwimu za ajira za Marekani hutoka kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwetu wanapokuwa kwenye majira yao ya joto, saa kumi na nusu kipindi kingine. Saa sita usiku, au saa saba kutegemea majira hayo hayo, siku ya New York inafungwa na tofauti ya kununua na kuuza inatanuka. Stopu iliyobana inaweza kuguswa bila bei yenyewe kwenda popote. Wavuvi wa dagaa hapa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, maana taa zao hazivuti kitu, na hakuna anayewaita waoga. Vipindi hivyo viwili, cha takwimu na cha kufungwa kwa siku ya New York, mimi sifungui biashara mpya. Biashara inayolala hadi kesho hutozwa au hulipwa riba, na kwa jozi nyingi ya Jumatano usiku huhesabiwa mara tatu. Ndugu zangu wa Ujiji wanaotumia akaunti zisizo na riba wasome masharti: mabroka wengine huweka ada ya usimamizi baada ya siku kadhaa, na ada hiyo inauma sawasawa na riba.

Kosa jingine, kwa ufupi: kununua yuro kwa dola, pauni kwa dola na dhahabu kwa wakati mmoja kisha kusema umegawanya hatari. Umeiuza dola mara tatu. Asilimia 1 imekuwa karibu 3.

Sasa Kibirizi. Mama mmoja anayevusha unga na saruji kwenda Kalemie, Kongo, aliniambia, "Mwanangu, mimi sichezi hiyo forex yenu." Nikamuuliza mzigo anaununua kwa fedha gani. Shilingi. Mkopo wa benki? Shilingi. Anauza kwa fedha gani? Dola, na anazikalisha miezi miwili akisubiri bei ipande. Mama, basi una biashara ya sarafu iliyo wazi, haina stopu, na ukubwa wake ni mtaji wako wote. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kila mtu akaamini haitarudi nyuma. Desemba ilikuwa karibu 2,400. Mwenye dola 5,000 ndani alipungukiwa takriban shilingi 1,500,000 bila gunia moja kulowa ziwani. Na tangu kanuni za Machi 2025 zizuie kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, dola hizo lazima zipite dukani kwa mwenye kubadilisha kabla hazijanunua chochote.

Ushauri wangu kwake haukuwa kubashiri. Akipokea dola, zile zinazolingana na marejesho ya mkopo na mzigo unaofuata zibadilishwe wiki hiyo hiyo. Zinazobaki kama dola ziwe zile tu ambazo ana malipo ya dola mbele yake. Akitaka kubahatisha kwamba itapanda, sawa, ni haki yake, ila aandike pembeni ni kiasi gani na akubali mapema ni shilingi ngapi yuko tayari kuzipoteza. Na azikague noti akiwa bado Kongo: za zamani, zilizochanika na zile ndogo ndogo hupunjwa bei hapa, na hiyo ni hasara ambayo hakuna chati itakayoionyesha.

Kuhusu wanaoomba uwatumie fedha "wakutradie" kwa faida ya uhakika kila mwezi, sina mengi. Watu waliopanda mbegu DECI, ule upatu uliozuiwa mwaka 2009, waliahidiwa mavuno yenye ratiba pia. Soko la sarafu halina ratiba ya faida. Uliza kwa barua Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama anayekuomba fedha anatambulika. Kwa broka yeyote, weka kwanza kiasi kidogo, fanya biashara moja au mbili, kisha omba kutoa nusu. Hesabu siku mpaka fedha ifike kwenye simu au benki yako, toa makato yote pamoja na yale ya kubadilisha shilingi kwenda dola na kurudi, uyaandike. Makato hayo nayo yanaingia kwenye ile asilimia 1.