Mtu ndani ya gofu: chagua tundu moja la mwanga

Ukitaka kumpiga mtu picha ndani ya gofu, yaani jengo bovu lililohamwa, jua kwamba gofu la shambani huwa na mwanga mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Shida ni kwamba unaingia kutoka kila upande. Dirisha lisilo na kioo, mlango uliong'oka, paa lililotoboka: kila tundu lina kivuli chake, na uso unaopigwa na matundu manne hutoka bapa, na pua ina vivuli viwili. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta ukuta uliobanduka lipu kwa kupendeza. Anza kwa kuchagua tundu moja, kisha ziba mengine. Mashuka mawili meusi na vibanio sita vinatosha.

Kabla ya hapo, pata ruhusa ya mwenye jengo, acha mwenzako nje, uingie na tochi bila begi. Kwenye sakafu ya mbao kanyaga penye mstari wa misumari, maana chini yake pana boriti; katikati ya boriti na boriti ndipo mbao huvunjikia. Ubao ukibonyea chini ya kisigino, chumba hicho kibaki kuwa mandhari tu, asisimamishwe mtu. Kinyesi kikavu cha popo usikifagie: vumbi lake laweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Hamia chumba kingine.

Dirisha zuri ni lile ambalo jua haliligongi moja kwa moja. Msimamishe mtu mita 1 hadi 1.5 kutoka dirishani, kwa ubavu kidogo, kisha mwambie ageuze pua polepole kuelekea kwenye mwanga mpaka pembetatu ndogo ya nuru itokee kwenye shavu la upande wa kivuli. Akiishia hapo, usimsogeze tena. Nyuma yake uache angalau mita 3 hadi ukutani, ukuta utazama gizani wenyewe na nyufa zake zitaonekana bila kupigia kelele uso.

Usijaribu kuokoa kila kitu kwenye fremu moja. Uwanja wenye jua na kona ya chumba huweza kupishana stopu 8 au 9 (kila stopu moja ni mwanga mara mbili). Mimi hupima mwanga kwenye shavu lenye nuru, naweka kamera kwenye hali ya "manual" ili nipange mwenyewe, na dirisha likiungua (likitoka jeupe tupu) liungue. Pa kuanzia: ISO 800 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/2.8 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu pana), 1/200 ya sekunde. Ukiiachia kamera iamue, dirisha likiingia tu pembeni mwa fremu uso utageuka mkaa.

Mbona si f/1.8? Kwa lenzi ya 85mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa, kipande kinachopokea mwanga, ya ukubwa wa filamu ya 35mm), ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, eneo linaloonekana kwa ukali ni kama sentimita 6, nusu mbele ya jicho ulilolenga na nusu nyuma. Mtu akigeuza uso nyuzi 45, jicho la mbali liko nyuma zaidi ya sentimita 4. Tayari limefifia. Kwa f/2.8 eneo linafika karibu sentimita 9, na jicho hilo linaponea chupuchupu.

Kosa ambalo watu hugundua wakiwa nyumbani mbele ya kompyuta ni kidevu cha kijani. Nje ya mlango pana majani, jua linayapiga, na mwanga wake unaruka kutoka chini hadi kwenye shingo na taya. Kurekebisha rangi ya picha nzima hakusaidii, kwa sababu paji la uso halina kijani hicho. Ukikiondoa kidevuni, paji linakuwa la waridi. Dawa ni ya palepale: tandika shuka jeupe la mita 2 kwa 2 juu ya majani, mbele ya kizingiti. Linafuta kijani na papo hapo linajaza vivuli vya macho. Ukuta wa matofali mekundu una tabia hiyohiyo, uso ukae mbali nao mita moja.

Matundu ya paa ni hadaa nyingine. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, hivyo doa linaloshuka kutoka paa la mita 3.5 huhama takriban sentimita 15 kila dakika 10. Begani sasa hivi, shavuni baada ya muda mfupi. Angalia linaelekea wapi kabla ya kumpanga mtu.

Flashi juu ya kamera iache begini. Vumbi lililoko karibu na lenzi hurudisha mwanga na kujaza picha madoa meupe ya duara. Lenzi nayo badilishia nje, mdomo wa kamera ukitazama chini.