Baruti nyeusi kwenye pampu za zamani, maana yake ni nini hasa

Kila nikionyesha picha ya shotigani yangu ya pampu, ile unayosukuma na kuvuta mkono wa mbele ili risasi nyingine iingie, ya zamani yenye nyundo nje, ikiwa imemezwa na wingu la moshi mweupe, kuna mtu lazima aulize kama risasi imeharibika. Haijaharibika, hiyo ni baruti nyeusi na moshi ndo kawaida yake, ngoja nielezee taratibu maana wengi wanadhani baruti ni baruti tu, na kwenye bunduki za zamani hilo ni kosa linaloweza kumtoa mtu vidole.

Baruti nyeusi ni ile ya asili kabisa, chumvi ya shura, makaa na kiberiti cha unga vikichanganywa, ndo hiyohiyo wazee wetu walikuwa wanaimimina kwenye gobore kupitia mdomo wa mtutu halafu wanashindilia na mdeki. Kama umewahi kusimama karibu na gobore likipigwa kijijini basi ile harufu ya yai viza unaijua tayari. Hata mataifa ya Ulaya yalipokaa Brussels mwaka 1890 kubana silaha zisiingie Afrika, kilichobanwa hasa ni bunduki za kisasa na risasi zake, gumegume na baruti ya kawaida vikaachiwa mlango kidogo, yaani tayari wakati huo watu walishajua kuna baruti mbili za dunia mbili tofauti. Maana mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alikuwa ametengeneza baruti isiyo na moshi, na ndo mababu wa kila risasi unayonunua dukani leo.

Tofauti yao iko hapa. Baruti nyeusi ukiichoma, zaidi ya nusu yake haigeuki kuwa gesi, inabaki vumbi la chumvichumvi, jingine linapaa ndo huo moshi na jingine linaganda ndani ya mtutu kama masizi. Kwa hiyo inasukuma lakini presha yake ya juu kabisa ni ya wastani, begani unahisi kama mtu anakusukuma kwa kiganja badala ya kukupiga ngumi. Baruti isiyo na moshi karibu yote inakuwa gesi, kiasi kidogo tu kinafanya kazi ileile, na ukikosea kipimo presha inapanda vibaya mno.

Sasa huko ninakoitumia mimi, mchezo wa cowboy. Huu ni mchezo wa kulenga shabaha ulioanza California mwanzoni mwa miaka ya 1980, chama chake kikubwa SASS (Single Action Shooting Society) kikaundwa 1987, watu wanavaa kama Marekani ya magharibi ya miaka ya 1800, kila mtu anajichagulia jina la kichezo, na unapiga shabaha za chuma huku unapimwa muda, ukitumia bastola mbili, raifo ya wenzo (ile ya kuvuta mkono wa chini kujaza risasi) na shotigani. Kuna kundi linaitwa Frontier Cartridge, humo risasi zako zote lazima ziwe za baruti nyeusi au zile mbadala zake zilizoruhusiwa kama Pyrodex. Na kwenye shotigani za pampu inatakiwa iwe na nyundo ya nje, ndo maana ukienda uwanjani utakuta Winchester 1897, pampu ya kiwanda cha Winchester cha Marekani, kila kona pamoja na nakala zake za Kichina.

Hiyo 97 ina kaka yake ambaye watu wanamsahau, nae ndo mzizi wa hii habari yote. Mbunifu wa bunduki wa Marekani John Browning alibuni kwanza Model 1893, pampu ya kwanza ya Winchester, zikatengenezwa kama elfu 34 hivi, na ile ilichorwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Wateja walipoanza kuweka risasi mpya zisizo na moshi ikaonekana mwili wake hauhimili, ndipo ikaja 1897 yenye mwili mnene zaidi na iliyofunikwa juu, ikatengenezwa mpaka 1957 na kupita milioni 1. Kwa hiyo mtu akikwambia ana pampu ya zamani ya Winchester muulize kwanza ni 93 au 97, usikubali jibu la "zote sawa", kwangu mimi 93 ni ya baruti nyeusi peke yake na hata hapo iwe imepita kwa fundi wa bunduki kwanza.

Halafu kuna suala la chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na hapa ndo watu wazima kabisa wanakosea. Risasi ya kawaida ya gauge 12 (gauge ni kipimo cha upana wa mtutu) ni inchi 2 na 3/4, lakini huo urefu unapimwa ganda likiwa limeshafunguka, baada ya kupigwa. Ikiwa mpya mdomo umekunjwa ndani kwa hiyo ni fupi. Chemba ya 1893 ni inchi 2 na 5/8, tofauti ni milimita kama 3 tu, unaweka risasi inaingia vizuri, mlango unafunga, kila kitu kinaonekana sawa, ukivuta triga lile kunjo linataka kufunguka halina nafasi, linaziba njia ya marisau, zile chembe za chuma ndani ya ganda, na presha inaruka. Hutaona dalili yoyote kabla, hiyo ndo inayoniogopesha. Zile 97 za gauge 16 za miaka ya mwanzo nazo chemba yake ni fupi, inchi 2 na 9/16, kwa hiyo usijifariji kwamba ni 97. Baruti nyeusi haitibu chemba fupi, chemba inapimwa, na unatafuta ganda la urefu wake.

Ukitazama boksi la risasi za shotigani hata la leo utaona wameandika kitu kama "3 dr eq", na nimekutana na watu wana miaka mingi kwenye mchezo hawajui ile ni nini. Dram ni kipimo cha zamani, 1/16 ya aunsi, karibu gramu 1.77, enzi za baruti nyeusi risasi ya dram 3 ilikuwa na dram 3 za baruti kweli, kama gramu 5 na kidogo. Baruti mpya ilipoingia wawindaji walikuwa wamezoea kuulizia kwa dram, basi viwanda vikaandika kwamba hii inakimbiza marisau sawasawa na ambavyo dram 3 za baruti nyeusi zingeyakimbiza. Ni ulinganisho wa mwendo tu, ndani ya lile ganda hakuna dram 3 za kitu chochote. Mtu akiisoma vibaya akajaza dram 3 za baruti isiyo na moshi ametengeneza bomu mkononi, sisemi kwa kutia chumvi. Na ule ulinganisho hausemi chochote kuhusu presha, kwa hiyo pia sio kibali cha kuiweka kwenye bunduki ya baruti nyeusi.

Ndani ya ganda kuna kitu kingine kinachobadilika, kile kizibo kinachokaa kati ya baruti na marisau. Risasi za leo zina kikombe cha plastiki, na baruti nyeusi inakiyeyusha, mimi mara ya kwanza nilitumia plastiki na jioni nikachungulia mtutu nikakuta nyuzinyuzi zimeganda zimechanganyika na masizi, nilisugua mpaka mkono ukauma. Mzee mmoja wa klabuni kwetu akaniambia rudi kwenye kadibodi na kizibo cha nyuzi kilicholoweshwa mafuta ya asili, mafuta ya mimea au ya mnyama, kwa sababu mafuta ya petroli yakikutana na masizi ya baruti nyeusi yanatengeneza kitu kama lami. Tangu hapo masizi yanabaki laini, yanatoka.

Uwanjani unajifunza kuhusu upepo. Ukipiga chuma cha kwanza wingu linakaa mbele yako, la pili hulioni, kwa hiyo anza na upande ambao upepo unaelekea, moshi utakwenda huko na shabaha iliyobaki itakuwa wazi.

Na kwa nini pampu hasa ina shida kuliko ya mitutu miwili? Ya mitutu miwili unaifungua, unaona mwanga upande wa pili, unapitisha kitambaa umemaliza. Pampu inavuta ganda chafu lirudi ndani ya mwili wake kila mara, masizi yanaangukia kwenye kibebeo cha risasi, kwenye reli za mkono wa kusukuma, yanaingia mpaka kwenye bomba la magazini, na ile chumvi inanyonya unyevu wa hewani. Ukiiacha usiku mmoja sehemu yenye unyevunyevu asubuhi kutu imeshaanza, kwa watu wa pwani hili halihitaji maelezo.

Dawa yake ni maji. Watu wanashtuka, bunduki na maji wapi na wapi, lakini masizi haya ni chumvi kwa hiyo maji ya moto na sabuni kidogo ndo yanayayeyusha, dawa za kusafishia baruti ya kisasa zinapita juujuu tu. 97 nyingi ni za kutenganishwa vipande viwili, mtutu na magazini vinatoka pamoja kwa kuzungusha, hapo unamwaga maji ya moto ndani ya mtutu mpaka yatoke meupe, chuma kikiwa bado na joto kinajikausha chenyewe halafu unapaka mafuta. Mwili wa bunduki unaupangusa kwa kitambaa chenye maji, unakausha, unapaka mafuta. Usisahau ile springi ya ndani ya magazini, itoe uipanguse nayo, kwangu ndo ilikuwa ya kwanza kushika kutu wakati sehemu nyingine zote zinang'aa.