Jiko la kuni la kupashia nyumba joto: dogo linalowaka lashinda kubwa linalofuka

Kati ya Juni na Agosti sakitu huunguza mashamba ya viazi Makete na Njombe, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na ndani ya nyumba watu hujifunika mablanketi mawili na bado wanatetemeka. Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani. Usilale nalo, hata dirisha likiwa na upenyo. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala usingizi hakohoi wala hashtuki.

Njia iliyo salama zaidi ni jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango, tundu la hewa na dohani inayotoka nje. Hapo ndipo makosa mengine huanzia, kwa fundi wa kuchomelea. Mteja hudai jiko kubwa ili lipashe nyumba nzima. Kwa makadirio, kilowati 1 hutosha mita za ujazo 14 hivi, kama kuna dari na madirisha yanafunga vizuri. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 2.5 inahitaji chini kidogo ya kilowati 4, yaani kilo moja na nusu hadi mbili za kuni kavu kwa saa. Jiko likizidi hapo, chumba hakikaliki. Mwenye nyumba anabana tundu la hewa, moto unafuka badala ya kuwaka, na lami, yaani masizi mazito ya kunata yatokanayo na moshi, inaganda ndani ya dohani. Siku lami hiyo ikishika moto, bomba linanguruma na mbao za paa ziko hatarini.

Mti wa msindano husingiziwa sana kwamba ndio unaoleta lami. Ukikaushwa vizuri hauna neno. Mchawi ni maji. Mlingoti au muwati uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake: ukichoma kilo 10, karibu lita 5 za maji zinachemshwa kwa moto uliokusudiwa kukupasha wewe. Lengo ni maji yasiyozidi asilimia 20. Pasua kuni mapema, zipange juu ya magogo zisiguse ardhi, funika juu tu na uache upepo upite ubavuni. Kuzipima, weka alama kwenye kipande kimoja na ukipitishe kwenye mzani wa dukani kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, rundo liko tayari. Au paka sabuni ya maji upande mmoja wa kijiti na upulize kwa nguvu upande wa pili: mapovu yakitokea, hewa inapenya, dalili kwamba kijiti kimekauka.

Mabanzi ya kiwanda cha mbao yanafaa yakikauka. Vipande vya nguzo za umeme, hapana kabisa. Nyingi hutiwa dawa yenye arseniki, na kuzichoma hupeleka sumu hiyo kwenye moshi na majivu.

Kupakia kwenyewe ni kinyume cha mazoea ya mafiga. Weka vipande vinene chini, vyembamba juu yake, vijiti na maganda makavu juu kabisa, kisha washa juu. Moto ukishuka polepole, moshi wa kuni za chini unalazimika kupita kwenye ndimi za moto na kuungua humo. Acha tundu la hewa wazi. Kuongeza, vuta makaa mbele karibu na mlango, weka vipande viwili au vitatu vyenye nafasi kati yake, na usubiri vishike kabla ya kupunguza hewa. Kulijaza jiko hadi juu na kulibana usiku kucha ni ule ule ufukaji tuliouzungumzia.

Bomba la dohani lisilo na koti, yaani lenye ukuta mmoja tu, liwe angalau sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote, na mdomo wake uzidi kimo kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Lisuguliwe kabla ya msimu. Ukiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu jiko likiwaka, toa watu wote nje kwanza, kisha waliozidiwa wapelekwe hospitali. Moto ukishika paa, namba ya Zimamoto ni 114.