Uchachu si uhai

Juzi kwenye shughuli moja nililetewa sahani ya kianzio nikaambiwa nile bila hofu, "hii ni rafiki wa utumbo, imejaa bakteria wazuri." Jibini laini nyeupe kama pamba, katikati imechimbwa kishimo cha mafuta ya zeituni, juu yake vitunguu vyekundu vya siki na punje za saumu zilizookwa. Nikauliza jibini imegandishwa kwa kitu gani. "Kwa ndimu," mpishi akanijibu kwa fahari, "maziwa yakishachemka tu naikamulia." Na vitunguu? Vimechemshwa na siki na sukari. Nilikula, nikaongeza, maana utamu ulikuwepo. Lakini kwa habari ya bakteria hai, sahani ile ilikuwa makaburi yaliyopambwa.

Natengeneza jibini laini na kufundisha wengine kuitengeneza, na imani hii hunijia kila wiki kwa sura mpya: kitu kikiwa kichachu, basi kina bakteria wa kusaidia tumbo. Hapana. Uchachu ni asidi. Asidi inaweza kutengenezwa na bakteria humo humo chomboni, au ukaimimina mwenyewe kutoka kwenye ndimu. Ulimi hauna namna ya kujua ipi ni ipi.

Angalia kinachotokea kwenye sufuria ya ndimu. Maziwa yakifika nyuzi 85 hadi 90, zile protini ambazo kwa kawaida hubaki zikielea kwenye maji ya jibini huwa zimeshafumuka kwa joto na kunasa kwenye kasini, protini kuu ya maziwa. Ukitia ndimu, zote hushikana na kuwa mabonge. Ndiyo maana jibini ya ndimu hutoka nyingi, na ndiyo maana haiyeyuki hata ukiikaanga. Ni jibini nzuri, sina ugomvi nayo. Ila bakteria wa kuchachusha waliokuwemo kwenye maziwa walishakufa kabla hujaikata hiyo ndimu, na ndimu haikuleta wengine.

Mtindi ni hadithi nyingine. Humo bakteria wawili, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, hula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi polepole, kwenye joto la nyuzi 40 hadi 45, mpaka maziwa yafike pH (kipimo cha uchachu) ya 4.6 hivi na kuganda yenyewe. Hapa ndipo wanafunzi hunirukia kama wamenikamata na wizi: "Mbona hata wewe umechemsha maziwa ya mtindi?" Nimechemsha, ndiyo. Nimeyapandisha hadi 85, nikayaacha yapoe, NDIPO nikatia mbegu ya mtindi, yaani mtindi kidogo wenye bakteria hai. Joto limetangulia, bakteria wamefuata. Kwenye jibini ya ndimu baada ya joto hafuati mtu. Sielewi kwa nini jambo hili ni gumu hivi. Ni suala la nani kaingia lini, kama kufungua mlango kabla ya kupita.

Wapo pia wanaonielewa vizuri kabisa mpaka hapo, wakachuja mtindi wao kwa uangalifu, kisha wakaumiminia mafuta ya saumu yanayochemka. Au wanaupaka kwenye mkate uliotoka motoni na kuurudisha kwenye oveni "upate rangi." Ukipita nyuzi 60 na ukakaa hapo, unawachinja. Kula ukitaka, ni chakula kizuri, lakini usiniambie tena habari za bakteria. Na kama mtindi wako ni wa kununua, soma lebo: kuna mitindi inayopashwa joto baada ya kuchacha ili ikae muda mrefu. Humo mmebaki uchachu tu.

Kazi yenyewe ya kugeuza mtindi kuwa jibini laini ni nyepesi. Lita moja ya mtindi wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kitambaa safi cha kuchujia, bakuli chini, friji. Vitabu huandika saa 12 kana kwamba maziwa yote yalizaliwa na mama mmoja. Nimepata jibini ya kupakika kwa saa 8, na safari nyingine saa 20 hazikutosha, kwa mtindi wa aina ile ile na kitambaa kile kile. Nilishaacha kutazama saa. Nakandamiza kifurushi kwa kidole: shimo likibaki pale lilipo, na tone linalofuata likachukua muda mpaka nimeanza kulisahau, nafungua. Nikitaka ya kuviringisha vidonge, naiacha siku nzima au zaidi. Maji yanayobaki msiyamwage, yanafaa kukandia unga.

Sasa vya kuweka juu ya jibini. Siki haichachushi mboga. Siki yenyewe ni asidi ambayo bakteria wengine walishaimaliza kuitengeneza mahali pengine, na wewe unaimwaga tu juu ya kitunguu, tena mara nyingi ikiwa inachemka. Mboga za kuchacha hutiwa chumvi, si siki: gramu 20 kwa kilo ya kabichi au karoti iliyokwanguliwa, unaifinyanga mpaka itoe maji yake, unaishindilia kwenye chupa izame kabisa. Siku ya pili au ya tatu ukibonyeza utaona vipovu vinapanda pembeni mwa kioo, na maji yaliyokuwa angavu yanaanza kuwa na weupe. Watu huyatupa maji yale wakidhani yameharibika. Jamani, huo weupe kwa sehemu kubwa ndio bakteria wenyewe! Cha kutupa ni chenye utando wa fangasi wenye manyoya, au harufu ya kuoza. Hiyo haihitaji mwalimu, pua yako itakuambia.

Kabla ya kuweka mboga juu ya jibini, ikamue. Tango nalo litie chumvi kidogo, likae dakika 15, likamuliwe kwa mkono bila huruma. Usipofanya hivyo chumvi ya jibini italivuta maji hapo hapo sahanini, na wageni wataletewa supu.

Lazima niseme kitu ambacho wenzangu hawapendi kisemwe. Neno probiotiki lina masharti. Tangu 2001 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wameliweka hivi: viumbe hai, kwa kiasi cha kutosha, vyenye faida kiafya kwa anayevila. Kabichi yangu ina sharti la kwanza, la uhai. Mengine siwezi kuyaapia, kwa sababu kila chupa huchacha kivyake na mimi sina maabara jikoni. Kwa mtindi tuko pazuri zaidi kidogo: mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba bakteria hai wa mtindi, wakifika milioni 100 kwa gramu, husaidia wenye shida ya kumeng'enya laktosi. Laktosi, basi. Hawakusema ulaini wa ngozi wala furaha ya ndoa. Tena bakteria hao ni wapita njia, hawafanyi makazi utumboni. Na tafadhali msiniletee tena habari ya Metchnikoff, yule mwanasayansi wa zamani, na Nobeli yake ya 1908. Kweli aliamini maziwa ya mgando yanarefusha maisha, lakini tuzo ile alipewa kwa kazi ya kinga ya mwili.

Kwa hiyo mimi huegemea zaidi nyuzinyuzi kuliko bakteria wa kuazima. Walioko utumboni mwako tayari wanahitaji kula: mbegu, majani, mkate wa nafaka isiyokobolewa chini ya jibini badala ya biskuti nyeupe. Vitunguu na saumu vina inulini, aina ya nyuzinyuzi, chakula wanachokipenda sana. Ila hapa napo neno "rafiki wa utumbo" linanitia mashaka, kwani utumbo wa nani? Nina rafiki ambaye saumu mbichi humjaza gesi mpaka afungue mkanda. Inulini ile ile inayowafurahisha bakteria ndiyo inayomtesa yeye. Siku hizi namwekea majani ya vitunguu, sehemu ya kijani tu, na tunamaliza jioni kwa amani.

Haraka haraka: saumu mbichi iliyozamishwa kwenye mafuta isikae nje ya friji, maana humo bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaweza kutoa sumu bila harufu wala dalili. Mjamzito asile jibini laini ya maziwa yasiyopasteshwa, yaani yasiyopashwa joto kuua vijidudu. Listeria, bakteria wa hatari, hukua hata kwenye baridi ya friji. Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

La mwisho ni nanasi. Kuna anayesema liwekwe bichi juu ya jibini kwa sababu vimeng'enya vyake "vinasaidia kusaga chakula." Vinasaga kweli, vinaanza na jibini yako. Bromelaini, kimeng'enya cha nanasi, hukatakata kasini vipande vipande, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Niliwahi kupanga sahani thelathini mapema, nikaziweka kwenye friji, nikaenda kuoga nikijisifu. Niliporudi, chini ya kila kipande cha nanasi jibini ilikuwa imelegea na kuwa uji, na ukiionja ulimi unajikunja. Kiwi hufanya vile vile. Ama uyaweke dakika ile ile ya kuandaa, ama uyakaange kidogo kwanza mpaka vimeng'enya vife. Ndiyo, najua nilichosema kuhusu joto. Nanasi ua.