Telomerasi na moyo wa samaki pundamilia

Nikitaja telomea, swali la kwanza huwa ni la umri: zikirefushwa, tutaishi zaidi? Mimi ninayeshinda maabarani na samaki pundamilia, samaki wadogo wenye milia, navutiwa zaidi na namna kidonda kinavyopona.

Telomea ni DNA iliyo kwenye ncha za kromosomu, herufi TTAGGG zikijirudia mara nyingi mno. Seli ikigawanyika, ncha hupungua kidogo. Zikiwa fupi kupita kiasi, seli huziona kama DNA iliyokatika. Protini ya p53 huingilia kati na kuuzuia mgawanyiko. Kimeng'enya cha telomerasi hurudisha kilichopotea. Binadamu mzima amekizima katika seli nyingi. Samaki huyu huendelea nacho hata akishakomaa.

Sasa tazama moyo. Ukigusisha ventrikali ya samaki huyu, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu, chuma kilichopozwa kwa nitrojeni kimiminika, sehemu ya msuli hufa. Jeraha la moyo wetu huishia kuwa kovu la kudumu. Kwa samaki kovu huja pia, ila huyeyuka polepole huku seli za msuli zilizosalia zikigawanyika na kuziba pengo. Mwaka 2015 watafiti wa Madrid walionyesha kwamba baada ya jeraha telomerasi hupanda na telomea za moyo hurefuka kwa muda. Samaki ambao jeni yao ya tert, inayounda kimeng'enya hicho, haifanyi kazi hawakupona: seli chache tu ziligawanyika, DNA iliyoharibika ikarundikana, seli zikachakaa.

Hata samaki mwenye afya njema haepuki uzee. Telomea zake hufupika, na utumbo ndio huanza. Haishangazi: utando wa utumbo hujifanya upya kila mara, kidonda kiwepo kisiwepo. Kilichonishangaza ni jaribio la 2023, ambapo samaki wasio na telomerasi walirudishiwa kimeng'enya hicho utumboni peke yake. Waliishi muda mrefu zaidi, na hata uwezo wao wa kuzaa, ulio mbali kabisa na utumbo, ukaimarika.

Wauza vidonge vya "kurefusha telomea" hupenda sana habari kama hizi. Hawasemi kwamba takriban asilimia 85 hadi 90 ya saratani za binadamu zimewasha telomerasi ili seli zake ziendelee kugawanyika, na kwamba moyo wa samaki huipandisha kwa muda tu.