Mita yako ina paswedi, sawa. Inasoma nini?

Haiishi wiki bila mtu kunipigia, "Fundi, njoo uniwekee paswedi kwenye mita, wapangaji wanaichezea." Nikimuuliza CT zake (zile pete zinazovalishwa kebo na kuipelekea mita ampia ndogo) ni za ngapi, kimya. Nikimuuliza mita imesetiwa ngapi, ananiambia si imekuja imesetiwa toka kiwandani? Halafu inakuja ile sentensi niliyoisikia Njiro, Sakina, Kwa Mrombo, mpaka Moshi kule Pasua: "cha muhimu iwe na paswedi tu, ikishakuwa na paswedi hiyo iko salama." Aisee nimechoka, leo naandika.

Naongelea sabmita za dijitali, hizi ambazo mwenye nyumba au mwenye fremu anafunga baada ya LUKU ili ajue nani katumia ngapi, pamoja na zile mita za paneli za karakana na mahoteli zenye vitufe vinne mbele. LUKU yenyewe nitaigusa huko chini, nayo ina hadithi zake.

Haya, tuanze na hilo hilo la usalama, maana ndo linalokula hela za watu.

Paswedi inafunga menyu ya setingi, basi. Inamzuia mtu asibadilishe CT ratio, asibadilishe aina ya wayaringi (fezi tatu waya nne, au singo fezi), asifute zile rekodi zinazofutika na asiguse adresi ya mawasiliano. Kusoma yuniti, volti na ampia hakuhitaji paswedi, kwa hiyo mpangaji akibonyezabonyeza kitufe ili aone katumia ngapi hajaharibu kitu, mwache abonyeze, ni haki yake. Na umeme wenyewe paswedi haiugusi kabisa. Mtu akiunganisha waya wake kabla ya mita, mita haina habari, tarakimu zako nne zipo pale pale zimefungwa vizuri kabisa na umeme unaondoka. Cha kuzuia hilo ni sili kwenye kifuniko cha terminali, boksi lenye kufuli, na kebo ya kutoka LUKU mpaka kwenye mita ipite ukutani mahali panapoonekana, isiingie juu ya dari ambako hakuna anayepanda.

Ila wizi sio unaoniuma. Kinachoniuma ni mita iliyosetiwa vibaya HALAFU ikafungwa paswedi. Hapo umelinda uongo.

Chukua karakana ya kuchomelea pale Unga Limited, thrii fezi, CT zimeandikwa 200/5. Maana yake ampia 200 zikipita kwenye kebo, CT inaipelekea mita ampia 5. Mita haiioni kebo, inaona hizo 5 tu, sasa ni lazima uiambie kwamba 5 hizi ni 200 kule. Mita nyingi zinatoka kiwandani zikiwa 5/5, yaani inachokiona ndo inachokiandika. Ukiiacha hivyo inasoma sehemu moja ya arobaini. Karakana ikila yuniti 1,200, skrini inaonyesha 30. Mwenye karakana atakuambia mita nzuri sana hii, haina tamaa. Mwenye LUKU, ambaye yuko T1 (kundi la bei ya kawaida) na ananunua yuniti kwa kama shilingi 356 ukiweka na makato, amebeba yuniti 1,170 za mtu mwingine, ni zaidi ya laki nne, na badala ya kuangalia mita anaanza kumtolea macho mama wa saluni wa fremu ya pembeni kwamba ndo anaiba. Mita ina paswedi? Ndiyo, tena mwenye nyumba kaiweka mwenyewe na hajamwambia hata mkewe.

Na inageuka upande wa pili pia. CT ni 100/5, fundi kaseti 200 kwa sababu kazi ya jana ilikuwa 200, mpangaji analipa mara mbili ya alichokula na akilalamika anaambiwa "mita ya dijitali haikosei, na ina paswedi, nani angeibadilisha?" Hakuna aliyeibadilisha kaka, ilizaliwa hivyo.

Kuna moja inawapiga hata mafundi wazoefu. Mzigo mdogo, CT kubwa, fundi akapitisha kebo mara mbili ndani ya tundu la CT ili isome vizuri. Ni sawa, inaruhusiwa. Lakini kebo ikipita mara mbili, CT ya 100/5 inafanya kazi kama 50/5. Anayekuja baada yake anasoma kibandiko, anaseti 100, anafunga paswedi, anaondoka. Kwa hiyo ukifika kwenye paneli usiishie kusoma kibandiko, weka tochi uhesabu kebo imepita mara ngapi.

Halafu mwelekeo. CT ina uso, P1 inatazama umeme unakotoka. Ukigeuza moja kati ya tatu, mita zinazojumlisha fezi kwa kujumlisha na kutoa zinakupa theluthi moja ya ukweli kama mzigo uko sawasawa kwenye fezi zote, na zile zinazohesabu kila fezi kivyake zinaiandika ile iliyogeuka kwenye rejista ya umeme unaotoka, kama vile jamaa wa gereji anawauzia TANESCO. Kingine, CT ya nyekundu isomwe na volti ya nyekundu. Ukiivusha kwenda njano utaona pawa fakta (sehemu ya umeme unaopita inayofanya kazi kweli) za ajabu, hita ya maji ambayo inatakiwa iwe karibu na 1 inakuonyesha 0.5 yenye alama ya kutoa. Ukiona hivyo usiende kwenye menyu, hakuna setingi ya kuponya waya uliokosewa, rudi kwenye waya. (Na tafadhali sana usichomoe waya wa CT kwenye mita huku mzigo unafanya kazi, sekondari ya CT ikiachwa wazi inapandisha volti za kuua. Zima kwanza, au ishoti CT kwanza.)

Sasa kuhakikisha ni kazi ndogo sana, ndo maana nakasirika. Mita ya CT: washa mzigo, bana kebo na klampu mita, linganisha na ampia za kwenye skrini. Klampu inasema 60, mita inasema 1.5? Gawanya, unapata 40, hiyo ni 200/5 ambayo haijasetiwa. Pitia fezi zote tatu, angalia na kW ya kila moja ikiwa peke yake, usiangalie jumla tu. Mita ndogo ya kupitisha umeme moja kwa moja, isiyo na CT: zima kila kitu, washa jagi la umeme la wati 2000, hesabu taa inayopepesa. Mita imeandikwa usoni 1000 imp/kWh, basi jagi la kilowati mbili linapepesa mara 2,000 kwa saa, yaani kama 33 kwa dakika. Ukipata 29 au 30 usipige kelele, angalia volti kwanza, umeme ukishuka jagi halifikishi wati zake. Ukipata 60, hapo tuongee.

Ukishajiridhisha hivyo ndo unabadilisha paswedi, mwisho kabisa. Mimi kabla ya kuifunga napiga picha kila ukurasa wa setingi, na kwa ndani ya mlango wa paneli naandika kwa makapeni: CT za ngapi, kebo imepita mara ngapi, mita imesetiwa ngapi, tarehe, na yuniti zilizokuwepo. Paswedi siandiki hapo. Picha nampa mwenye nyumba NA mpangaji, wote wawili, hata kama mwenye nyumba ananuna. Wenye nyumba wengi hawapendi hii, wanaona nawafundisha wapangaji ubishi. Mpangaji akijua mita imesetiwa ngapi, siku ikibadilika wa kwanza kukuambia ni yeye, maana ni yeye anayepita hapo kila siku.

Hayo mengine ni mafupi.

"Paswedi ya kiwandani inatosha, nani anaijua?" Kila mtu. Mara nyingi ni 1000 au 0000, imeandikwa kwenye kitabu cha mita ambacho kipo mtandaoni bure. Ibadilishe. Na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa au namba za mwisho za simu yako, mpangaji anazo zote mbili. Mita nyingi hazijifungi ukikosea, kwa hiyo mwenye muda na kiti atajaribu mpaka apate, ndo maana narudia boksi liwe na kufuli.

"Umeme ukikatika paswedi inafutika." Hapana. Setingi, paswedi na yuniti vinakaa kwenye memori isiyohitaji umeme. Zima breka hata mwezi mzima, ukiwasha inaendelea ilipoishia. Hawa wanaonizimia mein swichi ili "mita irudi upya" wanaharibu friji za watu tu.

"Nikisahau paswedi nafungua mita naireseti ndani." Weka chini bisibisi. Kuna mita ambazo muuzaji au kiwanda watakupa njia ukiwatumia namba ya mita (serial namba), nyingine zinasafishwa kwa laptopu kupitia waya wa mawasiliano, nyingine hazina njia kabisa, unanunua mpya. Ukiifungua umevunja sili ya kiwanda na kuanzia siku hiyo hakuna atakayeamini inachosoma, hata wewe. Hata kufuta yuniti kwa menyu watu wanadhani inawezekana kwa kila mita, wakati mita nyingi zilizothibitishwa kwa matumizi ya kulipishana hazikubali kabisa kufuta jumla kuu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mpangaji mpya akiingia, andikeni namba iliyopo, wote mpige picha, yaishe.

Hapo hapo niwaseme mafundi wenzangu. Kuna mafundi wanaweka paswedi wanaondoka nayo ili kila ukitaka kitu uwaite uwalipe. Huo sio ulinzi, ni kukuweka mateka kwenye nyumba yako. Hela ya mwisho ya kazi isitoke mkononi mwako mpaka umebonyeza mwenyewe, paswedi imekubali mbele yako, umeiandika mahali pako.

"Mita yangu iko kwenye intaneti na ina paswedi, hakuna anayeingia." Hii ni ya wenye hoteli na lodji. Ile ya vitufe vya mbele mara nyingi haifungi njia ya nyuma. Waya wa RS485, ule wa mawasiliano ya mita, ukiwa wazi kwenye korido, mtu mwenye laptopu na adapta ndogo anaweza kuongea na mita bila kugusa kitufe, na kwenye baadhi ya mita anaweza kubadilisha setingi kabisa. Soma kitabu cha mita yako uone kama kuandika kupitia mawasiliano kunazuiwa, fungia waya kwenye bomba, na ile ruta iliyobeba hizo taarifa nayo ibadilishwe paswedi, nimekuta nyingi bado ni admin na admin.

LUKU sasa. Kuna watu wanaamini LUKU ina paswedi ya siri, fundi akiijua anakuhamisha kutoka T1 kwenda D1 ule yuniti za shilingi 122. Hamna. Tarakimu 20 unazoingiza zimetengenezwa kwa ufunguo wa mita yako hiyo hiyo, na kundi lako la bei limo humo humo kwenye ufunguo. Kubadilisha lazima ianzie kwenye mfumo wa TANESCO, ndo wakupe tokeni za kubadilisha ufunguo. Kama mlivyoingiza zile seti mbili za tarakimu 20 kabla ya yuniti zenu mwaka 2024, kabla ya Novemba 24, maana kihesabu cha muda kwenye tokeni duniani kote kilikuwa kinafika mwisho wake. Na D1 ni ya anayekula yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, nyumba yenye wapangaji sita kwenye LUKU moja inaingiaje hapo?

La mwisho, "nimejumlisha sabmita zote hazilingani na LUKU, kuna mtu kajua paswedi." Kabla hujamkamata mtu, taa za nje na pampu ya kisima ziko kwenye sabmita ya nani? Mara nyingi si za yeyote, zimeungwa moja kwa moja baada ya LUKU. Sabmita zenyewe za klasi 1 zinaruhusiwa kupotoka asilimia moja juu au chini kwenye mzigo wa kawaida, na kebo ndefu nayo inakula kidogo. Zima pampu na taa za nje siku moja, soma mita zote saa moja ya jioni, soma tena kesho yake saa hiyo hiyo. Tofauti ikibaki ya yuniti mbili tatu kwenye mia, acha. Ikibaki kubwa, fungua paneli uanze na CT, na kebo imepita mara ngapi.